Banda la Kaole

Barua ilifika imeshonewa ndani ya kipande cha merikani. Jasho la mtu aliyeibeba kifuani kutoka Ujiji lilikuwa limepenya nguo na kuacha doa la manjano ukingoni mwa karatasi. Zeyana alipoipokea mlangoni aliishika pale penye doa kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa kifaranga.

Ilikuwa mwaka ule Wazungu walipoanza kubishana na Seyyid wa Unguja juu ya mrima, ukanda wa pwani. Zeyana alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mumewe, Azzan, alikuwa bara mwaka wa tatu, akinunua pembe za ndovu. Walikuwa wameishi pamoja miezi saba tu baada ya harusi, na katika miezi hiyo saba kitu alichokikumbuka zaidi hakikuwa neno wala zawadi. Ilikuwa asubuhi moja kabla ya safari, Azzan alipochovya kidole katika kahawa akachora ziwa juu ya sinia: refu, jembamba, limepinda kidogo kama ndizi. "Hapa Ujiji," akasema, akaweka tone. "Hapa ng'ambo. Na hapa, pembeni kidogo, nyumba yetu." Kisha akaondoka kwenda msikitini. Zeyana, kwa mazoea ya mikono tu, akachukua kitambaa akalifuta sinia. Hakupata kujisamehe.

Aliyeifungua barua alikuwa Mjomba Darwesh, kaka wa mama yake, aliyemlea tangu baba yake alipokufa, na ambaye nyumba yake ya Dunda, Bagamoyo, ndiyo aliyokuwa akikaa. Zeyana alijua kusoma. Alikuwa amehitimu msahafu mara mbili kabla hajavunja ungo. Lakini barua ya bara ikiingia nyumbani, mkubwa ndiye anayekata uzi. Mjomba akavaa miwani, akaisogeza karatasi dirishani, akasoma kwa sauti ya hutuba:

"Salaam. Mimi mzima. Ziwa hili upepo wake hauna adabu, na wapiga makasia wanatoroka. Wazungu wa misheni wanaunda merikebu ndogo ya moshi huku kusini. Na mimi nataka mashua ya moshi, ndogo, ya nyumba: mimi, wewe, na atakayetujalia Mungu. Chagua wewe. Iwe nyepesi, ifunguke vipande vya kuchukuliwa na wapagazi. Misumari ya shaba, si ya chuma. Birika lake la kuchemshia maji libebwe na watu wanne, wasizidi. Ukiisha kuipata..." Hapo Mjomba alikwama. "Ukiisha kuipata, ba... ba... banda upesi, kabla ya masika."

Akavua miwani. "Hapo amesema kweli. Mbao zikinyeshewa masika moja tu, basi tena. Anataka tuijengee banda, itunzwe, mpaka atakapoagiza."

"Hakusema anarudi lini?"

"Hakusema."

"Wala lini mimi..."

"Lini wewe nini?"

"Basi, mjomba."

Akakunja ncha ya leso. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ameandika nani achague?"

Mjomba akaitazama tena barua. "Chagua wewe."

"Wewe ni nani?"

"Barua ni yako, mwanangu."

"Basi ni mimi," akasema Zeyana, na masikio yake yakapata moto.

*

Fundi aliyetafutwa alikuwa Muhidini wa Kaole, kijiji cha kusini ya mji. Baba yake alikuwa muunda vyombo, na yeye mwenyewe alikuwa ametia makaa miaka saba katika meli za kwenda Bombei, hata nyusi zake zikaungua na zisiote tena. Uso wake ulikuwa siku zote kama wa mtu aliyeshangazwa sasa hivi.

Palikuwa na mashua tatu za kutazamwa. Zeyana alikwenda kuziona akiwa na barakoa usoni na Mwanamvua ubavuni. Mwanamvua alikuwa jirani, Mshomvi wa pale pale Dunda, mwanamke ambaye ulimi wake ulitangulia miguu yake popote alipokwenda.

Ya kwanza ilikuwa imevutwa kutoka Unguja nyuma ya jahazi. Ilipakwa rangi nyeupe, ina kivuli cha turubai chenye vishada, na birika lake lilikuwa kubwa kama fahali. Mjomba Darwesh aliipenda palepale.

"Hii ndiyo mashua ya mtu wa heshima," akasema.

"Heshima ya watu kumi na wanane, bwana," akasema Muhidini, akilipiga birika kofi. "Kumi na wanane kulibeba hili tu. Na wakifika Ugogo watalitupa, waoe Wagogo, wakae."

Ya pili ilikuwa ya bati la chuma, vipande vilivyofungwa kwa parafujo. Mjomba akasema, "Hii basi. Si inafunguka?" Muhidini akasogea karibu. Alitoa msumari mfukoni, akapita akigonga bati na kusikiliza, ti, ti, ti, mpaka pakalia du, kama nazi mbovu. Akasukuma kidogo. Msumari ukazama mpaka kichwa.

"Rangi ndiyo inayozuia maji," akasema. "Bati lilishakwenda zake."

Ya tatu ilikuwa imefunikwa makuti nyuma ya nyumba moja mtaani kwao, na Zeyana alikuwa amepita hapo maisha yake yote bila kujua. Ilikuwa ndogo. Mbao zake za msaji zilifungwa kwa misumari ya shaba iliyoota kutu ya kijani, na birika lake halikuzidi sufuria ya pilau ya harusi. Ndani palikuwa na ubao mmoja wa kukalia, karibu na usukani.

"Mbona imekaa kama kitanda cha mtoto?" akasema Mwanamvua. "Shoga, mumeo ni mrefu. Miguu ataiweka wapi, majini?"

Zeyana hakucheka. Aliinua kidogo pindo la shiraa aliyojitanda, akaingia, akaketi kwenye ubao, akasogea upande mmoja. Akatazama nafasi iliyobaki kwa muda mrefu hata Muhidini akageuka akajifanya anatafuta kitu chini.

"Wanatosha wawili," akasema. "Wakibanana."

"Hii," akasema Muhidini. "Bibi amechagua vyema kuliko sisi."

*

Banda lilijengwa upesi, kama barua ilivyosema, kwenye shamba la minazi la Mjomba huko Kaole, ukingoni mwa mikoko, mahali maji yanapofika yakijaa. Masika ilipoanza kunguruma mashua ilikuwa imekaa juu ya magogo yake, kavu, na makuti mapya juu.

Zeyana akaandika jibu kwa mkono wake. Mchukuzi alikuwa tayari mlangoni, na karatasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo aliandika kwa ufupi kama mumewe: *Mashua njema. Birika watu wanne. Banda, tayari.* Chini yake aliandika *njoo*. Akalitazama neno lile, likaonekana limesimama peke yake kama mtu aliyevuliwa nguo, na mjomba yupo atakayeipitia barua. Akalowesha kidole kwa mate akalifuta. Akaandika tu: *Mkeo, Zeyana.*

Kisha akangoja.

Kungoja kwake kulikuwa na kazi. Kila Alhamisi alfajiri, yeye na Mwanamvua walitembea mpaka Kaole. Muhidini alikuwa ameeleza mara moja tu, na Zeyana hakuhitaji mara ya pili. Mbao zikikauka sana zinaachana, kwa hiyo zilimwagiwa maji ndani, ndoo baada ya ndoo, zinywe, zivimbe, zishikane. Pamba iliyosindikwa kati ya mbao ilikaguliwa kwa kidole, na palipolegea palisindikwa upya. Mtambo ulipakwa mafuta ya mbarika, kwa sababu ya nazi huganda. Birika halikupewa maji ya kisima. Visima vya Bagamoyo vina chumvi, na chumvi hujenga ukoko mweupe ndani mpaka chuma kipasuke. Lilipewa maji ya mvua, yaliyokingwa kwenye mitungi chini ya mchirizi wa makuti. Mara moja kwa mwezi Muhidini aliiteremsha mashua majini, akawasha moto, akazunguka nayo kidogo horini, katika mkono ule wa bahari, kilango cha mvuke kikipiga mluzi na vyura wakinyamaza.

"Birika ni kama mume," alisema. "Ukilinyima maji linapasuka. Ukilijaza mno halichemki."

"Na ukiliacha peke yake miaka mitano?" akauliza Mwanamvua.

"Linaota kutu, mama."

"Msikie, Zeyana. Hata nyusi hana, lakini anasema kweli."

Zeyana hakupanda hata siku moja hizo siku za kuzunguka. Walimshawishi, akakataa. Alisimama kwenye tope na leso yake, akiitazama mashua ikienda na kurudi, na ule ubao ukiwa mtupu. Alikuwa ameuwekea nadhiri moyoni: hataukalia mpaka akae na mumewe. Usiku barua ililala chini ya mto wake, na kila alipoisoma alifika kwenye mstari wa mwisho, *banda upesi*, akahisi faraja ndogo ya mtu aliyetii. Aliwaza: akijua jinsi ninavyoitunza, ataagiza. Labda mwezi ujao. Labda baada ya vuli.

Ikapita masika moja, ikapita ya pili. Watu wa mjini wakalipa banda jina: kwa Bibi Ngoja.

*

Majaliwa alikuja Mfungo Saba, mwezi wa saba baada ya Ramadhani, jua likiwa kali. Alikuwa kiongozi wa msafara wa Azzan, Mnyamwezi mrefu wa makamo, na alipokaa barazani alikataa kumpa Mjomba barua.

"Uniwie radhi, bwana mkubwa. Bwana wangu aliniapisha. Niiweke mkononi mwa bibi, si mwa mtu mwingine."

Mjomba akaguna. Zeyana akaipokea kwa nyuma ya pazia, akakata uzi kwa meno, akasoma amesimama.

*Kwa mke wangu Zeyana. Nilikuambia ukiisha kupata mashua, upande upesi. Ukanijibu kwamba kupanda ni tayari. Nilifurahi nikachinja mbuzi watatu. Tangu hapo imefika misafara mitano kutoka pwani, na kila mmoja nimeutokea mwendo wa nusu siku njiani, nikitazama kila uso. Sikukuona. Sikulaumu. Bara si mahali pa kila mtu, na huenda uliandika vile kwa kunihurumia. Nitangoja mpaka Ramadhani ianze. Ikianza nami sijakuona, nitavuka ziwa kwenda Manyema kwa miaka mingi, na karatasi ya talaka itakuja, upate kuolewa na mtu aliye karibu. Huyu wa kwako, Azzan.*

Alisoma mpaka mwisho, akarudi juu. Kupanda? Hakuna mahali alipoandika kupanda. Alikwenda chumbani, akaivuta barua ya kwanza chini ya mto, akaziweka mbili sakafuni bega kwa bega, akapiga magoti juu yake.

Kiarabu hakina herufi ya pa. Waswahili wanapoandika lugha yao kwa herufi zile, pa na ba huvaa nguo moja: bakuli dogo na nukta moja chini. Banda na panda haviachani hata kwa unywele. Katika *kupanda* hakukuwa na la kukosea, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kubanda kitu. Lakini lile la kwanza lilikuwa limesimama wazi peke yake, na lingeweza kuwa lolote. *Ukiisha kuipata, panda upesi, kabla ya masika.* Panda. Njoo huku juu. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amemjibu: *Panda, tayari.*

Mwanamvua alimkuta bado amepiga magoti. "Amekufa?" akauliza kwa hofu.

"Hajafa," akasema Zeyana. "Aliniita. Miaka miwili iliyopita aliniita, na mimi nikamjengea banda."

*

Mjomba Darwesh aliisoma barua ile mara tatu, kisha akaiweka mbali kidogo kama chombo cha moto.

"Nani angelisoma hivyo?" akasema. "Mwanamke wa Kimanga, mtoto wa Kiarabu, kuambiwa panda, panda tu, kana kwamba anaambiwa pita chumba cha pili! Mtu yeyote mwenye akili angesoma banda."

"Ndiyo, mjomba."

"Na masika imetajwa! Masika na banda vinakwenda pamoja."

"Ndiyo. Hata mimi, mjomba, nimeisoma usiku usio na idadi. Kila mara nilisoma banda, kwa sababu ndilo nililolisikia kwanza kinywani mwako."

Hakulisema kwa ukali. Hakuwa na ukali. Ndiyo maana mzee alilisikia likimwingia.

Msafara wa Majaliwa ulikuwa unarudi bara baada ya siku nane. Muhidini alipoitwa alisema kuifungua mashua vipande, kuviwekea alama na kuvifungia miti ya kubebea ni kazi ya mwezi mzima, na baada ya hapo masika ingekuwa mlangoni. Na kufika Ujiji kabla ya Ramadhani kulitaka watu watoke sasa.

"Basi tutamwandikia," akasema Mjomba. "Tumweleze kosa lilivyokuwa."

"Kwa herufi zipi?" akauliza Zeyana.

Mjomba akaivuta barua karibu, akaitazama tena.

"Barua inaweza kupotea," akaendelea Zeyana, akitazama chini. "Inaweza kusomwa vingine. Mimi nikifika, nitasomwa vipi tena?"

"Na nani akupeleke? Baba huna, kaka huna. Maharimu wako katika dunia hii ni mimi tu, na mimi magoti yangu hayafiki hata Mapinga. Katika njia ile nilimzika kaka yangu nikiwa kijana, Zeyana. Niliapa sitaiona tena. Usinitake hilo."

"Sikutaki, mjomba."

Kweli hakumtaka. Kwa siku saba hakutaja neno. Alipika, alisali, alimtilia mzee kahawa. Mwanamvua ndiye aliyemsemea, akipita chini ya dirisha akijisemea kwa sauti kuwa siku hizi wanaume wanasoma barua za watu, wakiharibu wanaumwa magoti.

Siku ya nane ilikuwa Alhamisi. Asubuhi bunduki za kuaga zilipigwa, na pembe ya msafara ikalia kutoka mjini kwenda magharibi, ikififia. Zeyana alikuwa tayari Kaole. Alikuwa amelala ndani ya mashua kwa ubavu, mkono umezama chini ya mtambo mpaka begani, akipaka mafuta sehemu ambayo mtu hawezi kuiona, anaijua kwa vidole tu. Hakulia. Alikuwa anafanya kazi ya Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi ilikuwa imefika.

Kivuli kikaziba mlango wa banda. Alikuwa Mjomba Darwesh, akiteremka kutoka juu ya punda wake. Katika miaka yote miwili hakuwahi kufika.

"Nimekuja kuliona hilo banda nililolisoma," akasema.

Akazunguka mashua polepole. Akagusa shaba iliyong'aa, akapitisha kucha kati ya mbao mbili, kucha isiingie. Akaiona mitungi ya maji ya mvua imepangwa, na leso ya mpwa wake iliyochakaa magotini kwa kupigia magoti ubaoni. Akakaa juu ya gogo.

"Ewe Muhidini," akamwambia fundi, aliyekuwa akisindika pamba upande wa pili wa mashua. "Kitu hiki kinakwenda, au kinapakwa mafuta tu?"

"Kinakwenda, bwana."

"Kinafika wapi?"

"Mpaka maji yatakapokwisha."

"Msafara hulala mashambani siku ya kwanza," akasema Mjomba, kana kwamba anajisemesha mwenyewe. "Wapagazi lazima warudi mjini kuaga mara ya pili. Kesho watafika kivuko cha Kingani, na mitumbwi ya pale ni miwili. Watashinda kutwa nzima wakivuka." Akainua uso. "Mto Kingani unaingia baharini kaskazini ya mji. Maji yatajaa kesho asubuhi?"

Muhidini akatoka nje, akatazama tope na mizizi ya mikoko. Aliporudi uso wake ulikuwa umeshangaa kama kawaida, lakini sasa alikuwa na sababu. "Tukitoka hapa jua linachomoza, maji yatatusukuma mpaka kivukoni."

"Zeyana," akasema Mjomba.

"Labeka."

"Una viatu?"

*

Walitoka kesho yake asubuhi, punda wa Mjomba ametangulizwa nchi kavu na mtumishi wa nyumba, awangoje kivukoni. Mwanamvua aliingia majini mpaka kiunoni akiwasukuma. Alilia, na hapo hapo akimwambia Mjomba akae katikati, asije akaizamisha mashua kwa dhambi zake. Muhidini akafungua kilango, mluzi ukalia, na mapanga ya shaba yaliyo chini nyuma yakaanza kuyakata maji.

Zeyana alikuwa amekalia ule ubao. Mjomba Darwesh alikaa pembeni yake, mzito, ananuka tambuu, amejaza nafasi yote. Kwa kitambo Zeyana hakuweza kuutazama upande ule. Kisha mzee akashikwa na hofu ya wimbi la kwanza, akamshika mkono, na Zeyana akaushika.

Walipita mbele ya mji, nyumba nyeupe na majahazi yaliyolalia ubavu, watu wakikimbilia ufukoni kutazama moshi. Wakaingia kinywa cha mto. Mikoko ikawafunga pande zote mbili. Mara mbili viboko walitoa pua mbele yao, na Muhidini akapiga mluzi mpaka wakazama, wakiwa wamekasirika.

Saa ya tatu ya mwendo, mtungi wa mwisho wa maji ya mvua ukaisha. Muhidini akalitazama birika, akamtazama Zeyana. Zeyana akainama ubavuni, akayateka maji ya mto kwa kata, akainua barakoa kidogo akaonja. Chumvi ilikuwepo. Wakaendelea, makaa yakivutwa nyuma ili moto upungue. Mikoko ikaanza kuwa michache. Matete yakatokea, na ndege wa aina nyingine. Akaonja tena. Akaonja mara ya tatu, akayaweka mdomoni kwa muda kabla ya kuyameza.

"Matamu?" akauliza Muhidini.

"Matamu."

Akalijaza birika mwenyewe, kata kwa kata.

Kivukoni Majaliwa alikuwa amesimama ukingoni akigombeza wapagazi. Alisikia mluzi, akageuka, akaona moshi ukitoka ndani ya matete, na wapagazi wawili wakatupa mizigo wakakimbia. Mashua ilipogusa udongo Majaliwa aliishika ncha yake mpaka Zeyana aliposhuka na Mjomba akateremshwa kama gunia la mtama.

Muhidini alibaki ameshika usukani. "Masika ikipita, bibi, nitaifungua vipande. Mkiihitaji nitaileta mwenyewe, hata nikiwa mzee. Ila usiniandikie. Tuma mtu mwenye kinywa."

Zeyana alitaka kumwambia mambo mengi. Alivua bangili moja ya fedha, akaifunga kwenye nguzo ya usukani. Muhidini akaanza kuigeuza mashua, maana maji yalikuwa yanaanza kurudi.

"Mashua haiji?" Majaliwa akauliza, akiifuata kwa macho.

"Haiji," akasema Zeyana. Kisha, kwa woga, "Atakasirika?"

"Bibi, tangu mwaka juzi sijamsikia bwana akitaja mashua."

"Anataja nini?"

Majaliwa, aliyevuka Ugogo mara tisa, akaona haya akatazama miguu yake. "Kila tunayetoka pwani anatuuliza kitu kimoja. Dirisha lako. Linatazama njia, au linatazama ndani."

Zeyana akafikiri. "Linatazama ukuta wa jirani," akasema.

"Nitamwambia."

"Hapana," akasema Zeyana. "Nitamwambia mimi."

Mjomba alikuwa tayari juu ya punda, akilaumu tandiko. Zeyana akauliza Ujiji iko upande gani. Majaliwa akanyoosha mkono. Huko hapakuwa na kitu ila nyasi zilizokauka, na vichwa vya wapagazi na mizigo yao vikienda vikipungua. Viatu vilikuwa vipya na vilimbana. Ramadhani ilikuwa bado miezi minne kasoro siku tatu. Akaufunga vizuri ukaya wake kichwani, akaingia kwenye mstari, nyuma ya mtu aliyebeba furushi la nguo.